Vodevili ya Marekani: uanze kumsoma msanii gani?

Swali hili hulisikia sana kutoka kwa wachekeshaji wanaoanza, waimbaji, hata waandaaji wa maonyesho: nikitaka kujifunza jukwaa kwa wasanii wa vodevili ya Marekani, nianze na nani? Majina yanayotajwa ni yale yale. Bert Williams, Eva Tanguay, Harry Houdini, familia ya Keaton, George Burns na Gracie Allen. Wote walijaza kumbi, lakini kazi zao hazikufanana na wala hawakupokewa namna moja. Mmoja alichekesha watu ambao nje ya ukumbi wasingekubali kukaa naye meza moja. Mwingine aliandikwa vibaya magazetini mwaka hadi mwaka na bado akawa miongoni mwa waliolipwa fedha nyingi kuliko wote. Wawili walibadilishana kazi kwa sababu watazamaji walicheka mahali ambapo hapakuandikiwa kicheko.

Nimewalinganisha kwa kuangalia mambo matatu: watazamaji waliwapokeaje, kimebaki nini cha kuona au kusikia leo, na ni msanii wa aina gani atakayefaidika kwa kuwafuata. Msimamo wangu nautaja mapema. Kipaji cha mtu huwezi kukichukua, ila namna alivyowasoma watu waliokaa mbele yake unaweza. Kwa hiyo mchague yule ambaye hadhira yake inakaribiana na yako, hata kama jina lake si kubwa kuliko la wenzake.

Kumbi zilivyokuwa

Vodevili ilikuwa onyesho mseto. Kwa tiketi moja mtu aliwaona wanasarakasi, mwimbaji, wachekeshaji wawili, igizo fupi, mbwa waliofunzwa, mazingaombwe na dansi. Aliyewahi kukaa kwenye onyesho la Muungano Cultural Troupe au TOT (Tanzania One Theatre) kule Dar es Salaam, ambako sarakasi, ngoma, maigizo na taarab vilifuatana usiku mmoja, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Kabla ya hapo, mseto wa Marekani ulikuwa mambo ya vilabu vya pombe, na wateja wake walikuwa wanaume. Tony Pastor alipofungua ukumbi wake wa Mtaa wa 14 mjini New York tarehe 24 Oktoba 1881, aliahidi onyesho ambalo mwanamume angeweza kuja kulitazama na mke na watoto bila aibu. Aliwavuta wanawake kwa zawadi za mlangoni: magunia ya unga, makaa ya mawe, nyama, vitambaa vya magauni. B. F. Keith wa Boston akaligeuza wazo hilo kuwa biashara kubwa, yenye mtandao wa kumbi na sheria kali. Nyuma ya jukwaa palibandikwa tangazo la maneno yasiyoruhusiwa, na aliyekaidi alifutiwa mkataba.

Keith alifanya jambo jingine ambalo kwangu ndilo hazina. Mameneja wake waliandika ripoti za kila wiki juu ya kila onyesho: limechukua dakika ngapi, limefanyika mbele ya pazia au jukwaa zima, watu wamelipokeaje. Ripoti hizo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Iowa. Hazimwonei mtu haya. Ziliandikwa na mtu aliyesimama nyuma ya ukumbi akihesabu makofi kwa sababu pesa yake ilikuwa ndani ya makofi hayo, na waandaaji wetu wangefaidika sana wakianza kuandika za kwao.

Ratiba ya ukumbi mkubwa ilikuwa na maonyesho tisa hivi, na kila nafasi ilikuwa na kazi yake. La kwanza lilikuwa la kimya: wanasarakasi, waendesha baiskeli, wanyama. Watu bado wanaingia, viti vinagonga, anayetafuta namba ya kiti chake anakukinga usione, kwa hiyo neno lolote lingepotea. La pili lilikuwa wimbo na dansi, la kuwatuliza. La tatu mara nyingi lilikuwa igizo fupi, ili wazoee kusikiliza. Kabla ya mapumziko kiliwekwa kitu kizito, watu watoke nje wakikizungumza. Baada ya mapumziko kazi ilianza upya. Nafasi ya nane, ya pili kutoka mwisho, ndiyo ilikuwa ya nyota. Ya tisa ilirudi kuwa ya kimya, maana watu walishaanza kuvaa makoti yao.

Katika mpango huo kulikuwa na ufundi ambao mtazamaji hakuuona. Wachekeshaji wawili walisimama mbele ya pazia la kwanza, na wakati watu wanacheka, mafundi walikuwa nyuma wanajenga seti ya onyesho linalofuata. Hapakuwa na dakika tupu. Nimekaa kwenye maonyesho mengi mazuri ya huku kwetu yaliyopoa kwa sababu moja tu: mshereheshaji aliachwa peke yake akiomba makofi huku maikrofoni zikisogezwa. Tatizo hilo watu wa vodevili walikuwa wamelimaliza zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kilele cha yote kilikuwa Palace, Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, ukumbi uliofunguliwa Machi 1913. Onyesho la mchana wa Jumatatu pale liliogopwa kuliko yote kwa sababu viti vingi vilikaliwa na wasanii wenzako na watu wa kutoa mikataba. Wanajua kila ujanja unaoufanya. Ukiwapata hao, umepata kazi nchi nzima.

Bert Williams, anayechekesha taratibu

Alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akakulia Marekani. Mwaka 1893 alikutana na George Walker huko San Francisco, wakaanza kufanya kazi pamoja: Walker mtanashati, mwepesi wa maneno na miguu, Williams mzito, mwenye bahati mbaya, anayechelewa kuelewa. Mwaka 1903 walipeleka Broadway onyesho lao la In Dahomey, ambalo wasanii na watunzi wake walikuwa Weusi, kisha wakaenda nalo London, wakalicheza hadi Buckingham Palace. Walker akaugua, akafariki mwaka 1911. Kabla ya hapo, mwaka 1910, Williams alikuwa ameshaingia katika Ziegfeld Follies, onyesho mseto la kifahari la mwandaaji Florenz Ziegfeld, Mweusi peke yake kati ya Wazungu. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wenzake walitishia kuondoka, na Ziegfeld akawaambia kwamba yeyote kati yao anaweza kupatiwa wa kumbadili, isipokuwa Williams.

Alipanda jukwaani akiwa amejipaka masizi ya kizibo kilichounguzwa, kwa sababu ndiyo sura ambayo hadhira ya Wazungu ilizoea kuicheka. Mtu Mweusi, wa rangi ya maji ya kunde, alilazimika kujipaka weusi ili akubalike kuwa Mweusi. Jambo hilo linauma, na yeyote anayemsoma Williams lazima alitazame usoni. Katika kumbi nyingi alizocheza, Weusi wenzake waliruhusiwa kukaa roshani ya juu tu. Kwa hiyo kila usiku alikuwa na hadhira mbili kwa wakati mmoja: chini, watu waliokuja kumcheka mtu duni, juu, watu waliojua hasa anachokisema. Alitafuta kicheko ambacho wote wawili wangekitoa, kila mmoja kwa sababu yake.

Aliwapata kwa kupunguza. Wakati wenzake wanakimbia, wanapiga kelele na kurushiana vitu, yeye alisimama. Wimbo wake Nobody, ambao maneno yake yaliandikwa na Alex Rogers na yeye mwenyewe akautia muziki, ni malalamiko ya mtu asiyesaidiwa na yeyote. Aliurekodi mwaka 1906 na tena mwaka 1913, na rekodi zote mbili zinapatikana. Sikiliza anavyokawia. Nusu ya mistari anaiongea tu, anaburuza neno, ananyamaza, na ule mnyamazo ndio unaochekesha. Watu walimdai wimbo huo miaka na miaka mpaka yeye mwenyewe akauchoka.

Kitu kimoja cha kukiangalia kwa karibu ni kipande cha kamari ya karata, ambacho kimehifadhiwa mwishoni mwa filamu fupi ya mwaka 1916 iitwayo A Natural Born Gambler. Yuko peke yake. Hakuna karata, hakuna wachezaji wenzake. Anagawa karata za hewa, anaziinua kwenye kona moja moja kuzichungulia, na uso wake unakuambia nini kimeingia mkononi. Anaweka dau. Anamtazama mwenzake ambaye hayupo, anapima kama anadanganywa. Anaongeza. Kisha karata zinafunuliwa, na uso ule uliokuwa umejaa unashuka polepole, kwanza macho, halafu mashavu, halafu mabega. Hapigi kelele wala haanguki. Vidole vyake vinafanya kazi ambayo mchekeshaji mwingine angeifanyia maneno mia.

Anamfaa nani? Anayechekesha peke yake kwa kusimulia. Anayecheza mbele ya watu ambao hawamheshimu sana, au wanaodhani wanajua atasema nini. Anayeogopa kimya, kwa kuwa Williams atamwonyesha kwamba kimya kinaweza kubebwa. Kwa mtu wa kuamsha ukumbi uliolala saa tano usiku, Williams atachukua muda mrefu mno.

Eva Tanguay, anayewasha ukumbi

Huyu ni kinyume chake kwa kila kitu. Alizaliwa Quebec mwaka 1878, akakulia Massachusetts. Sauti yake haikuwa nzuri, na alikiri hivyo hadharani. Dansi yake ilikuwa ya kujitupa huku na huko, nywele zimetimka kichwani, mavazi ya kushtua. Kuna gauni lake maarufu lililoshonwa kwa sarafu za senti. Wimbo wake I Don't Care ulikuwa tangazo la mwanamke asiyejali watu wanasema nini, na aliuimba wakati wanawake wa Marekani walikuwa bado wanadai haki ya kupiga kura.

Wahakiki walimchana. Watu wakajaa. Alifikia kulipwa dola 3,500 kwa wiki, fedha ambazo wakati ule zilizidi mshahara wa miaka kadhaa wa mfanyakazi wa kawaida. Nikijiuliza watu walinunua nini, naona walinunua nguvu na ruhusa. Mwanamke aliyekaa kiti cha nyuma, ambaye nyumbani hana sauti, alimwona mwenzake akikiuka kila sheria ya adabu na kulipwa kwa hilo. Anayejua mama wa Kiswahili anavyoinuka kwenye taarab kwenda kumtunza mwimbaji aliyeimba jambo lake, akimtikisia noti mbele ya watu ili anayehusika aone, atalielewa hili haraka kuliko mhakiki wa New York.

Tatizo lake kwa anayejifunza ni kwamba kilichobaki ni kidogo. Kuna rekodi ya wimbo wake ya mwaka 1922, na kuna filamu isiyo na sauti ya mwaka 1917. Rekodi ina sauti bila mwili, filamu ina mwili bila sauti, na yeye alikuwa vyote viwili pamoja na joto la ukumbi. Msomee habari zake na picha zake, uone namna alivyojenga jina kwa ugomvi, mavazi na vichwa vya habari. Kwa msanii wa leo anayetafuta kuzungumzwa, somo lote lipo hapo. Lakini ufundi wa kuigiza dakika kwa dakika hutaupata kwake, maana haupo tena wa kuuona. Angalia pia mwisho wake: mali yake iliyeyuka, afya ikaharibika, akafariki mwaka 1947 akiwa maskini. Waliomzungumza sana hawakubaki naye.

Houdini, anayewasubirisha

Watu wengi humjua kwa pingu na minyororo, na hudhani siri iko kwenye kufuli. Kwa jukwaa, siri iko kwenye saa, yaani namna ya kuuchezea muda.

Alizaliwa Budapest mwaka 1874 kwa jina la Erik Weisz. Miaka mingi alihangaika na mazingaombwe madogo madogo na karata hadi mwaka 1899, Martin Beck, mkubwa wa kumbi za Orpheum za magharibi, alipomwona na kumshauri aache vingine ashike kujifungua. Beck aliona jambo ambalo Houdini mwenyewe alikuwa hajaliona: kwenye karata watu walistaajabu, kwenye pingu walimwombea. Mtu aliyefungwa, anayetaka kutoka, anaeleweka kwa kila mhamiaji na kila kibarua aliyekaa ukumbini.

Tukio la kulichambua ni la tarehe 17 Machi 1904 katika ukumbi wa Hippodrome, London. Gazeti la Daily Illustrated Mirror lilimletea pingu ambayo fundi wa Birmingham alisemekana kuitengeneza kwa miaka mitano. Watu kama 4,000 walikuwa ndani. Houdini aliingia kwenye kibanda chake kidogo cha pazia, muziki ukaanza, na watu wakabaki wanatazama kitambaa. Hawaoni chochote. Kila baada ya muda anatoka, jasho linamtiririka, bado amefungwa. Anaitazama pingu kwenye mwanga, anarudi ndani. Akaomba afunguliwe mara moja tu ili avue koti. Mwakilishi wa gazeti akakataa. Houdini akatoa kisu kidogo mfukoni, akakifungua kwa meno, akalipindua koti likamfunika kichwa, akalikatakata vipande vipande hadi likamtoka. Ukumbi ukalipuka. Baada ya zaidi ya saa moja alitoka akiwa huru, wakambeba mabegani, naye akalia.

Hadi leo watu wanabishana kama tukio hilo lilipangwa. Kwa mwanafunzi wa jukwaa haidhuru. Jiulize tu: nani leo anaweza kuwafanya watu 4,000 watazame pazia kwa saa nzima? Aliwapa kazi ya kufanya. Kila alipotoka nje aliwapa habari mpya ya kubishania, na lile koti lilikuja pale pale subira ilipokuwa inakatika.

Zimebaki filamu za habari zinazoonyesha akijifungua hewani juu ya barabara, sauti yake iliyonaswa mwaka 1914, na filamu ya The Grim Game ya mwaka 1919. Anamfaa mwanamazingaombwe, bila shaka, lakini namuona anawafaa zaidi waandaaji na washereheshaji wanaotaka kujua namna ya kupandisha hamu bila kuwachosha watu. Mchekeshaji hana mengi ya kuchukua hapa.

Familia ya Keaton, mwili bila maneno

Buster Keaton, aliyezaliwa Kansas mwaka 1895, aliingia kwenye onyesho la wazazi wake akiwa mdogo kabisa. Baba yake Joe alimrusha: kwenye pazia, kwenye mapambo ya jukwaa, wakati mwingine karibu kuwafikia watazamaji. Nguo za mtoto zilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili ashikike vizuri. Mama, Myra, alikuwa kando anapiga saksafoni.

Watazamaji walicheka mpaka machozi. Chama cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto cha New York kikawafuatilia miaka mingi na kuna wakati kiliwazuia kucheza mjini humo. Nikiwa mkweli, chama kile kilikuwa na hoja. Onyesho lililosimama juu ya mwili wa mtoto siwezi kulisifia mpangilio wake tu, hata kama Buster mwenyewe ukubwani alilitetea na kusema hakuumizwa.

Funzo alilolipata ni hili: akicheka baada ya kuanguka, ukumbi unapoa, akikaza uso kama vile hakuna kilichotokea, ukumbi unavunjika mbavu. Hakufundishwa na mwalimu. Watazamaji ndio waliomfundisha, onyesho baada ya onyesho, akiwa bado hajaota ndevu. Familia ilivunja kundi mwaka 1917, naye akaingia kwenye sinema. Ule uso aliopewa na watazamaji wa vodevili ndio uliokuja kujulikana dunia nzima.

Kwa upande wa kilichobaki, hakuna anayemkaribia. One Week ya mwaka 1920, Sherlock Jr. ya mwaka 1924, The General ya mwaka 1926: zipo, ni safi, na nyingi zinatazamwa bure mtandaoni. Kama unafanya vichekesho vifupi vya simu visivyotegemea lugha, au unacheza mbele ya watu wa lugha mchanganyiko kama ilivyo Nairobi, Bujumbura au Goma, mwanzo wako ni huyu. Hakuna haja ya kubishana.

Burns na Allen, wawili wanaotegeana

George Burns aliandika onyesho la watu wawili akijipa yeye vichekesho vyote. Gracie Allen, msichana wa San Francisco aliyeanzia kwenye dansi, alipewa kazi ya kuuliza maswali. Walipopanda jukwaani kwa mara za kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walicheka maswali ya Gracie na kunyamazia majibu ya George.

Wasanii wengi wangewalaumu watazamaji. Burns alirudi akaandika upya, akampa Gracie vichekesho vyote, na yeye akabaki wa kumtegea tu, yaani wa kuuliza swali linalomfungulia mwenzake kichekesho. Wakaoana mwaka 1926. Alikaa kwenye nafasi hiyo ya kumtegea mpaka mkewe alipostaafu miaka ya 1950, na hakuna popote alipoonekana kuionea kinyongo.

Ufundi wao uko hivi. Gracie hachekeshi kwa upumbavu. Ana mantiki yake iliyonyooka kabisa, ila inaanzia mahali pasipo pake. Anaamini anachokisema, na hamdharau George kwa kutoelewa, anamhurumia. George naye hamcheki wala hamkemei. Anauliza swali jingine, dogo, kwa sauti ile ile, halafu anakaa pembeni. Watazamaji walimpenda Gracie hivi kwamba Burns aligundua hawakutaka kabisa kumwona akimkaripia au kumgusa kwa ukali. Wakihisi anamwonea, kicheko kinakufa. Hadhira iliweka mpaka, naye akauheshimu.

Filamu yao ya Lambchops ya mwaka 1929, dakika nane hivi, ni vodevili yao karibu kama ilivyokuwa ukumbini. Inaanza wakiwa wanatafuta kitu chumbani, wanachungulia huku na kule, mpaka kamera inaonekana: walichokuwa wanakitafuta ni watazamaji. Naipenda sana sekunde hiyo. Ukumbi ulikuwa unaondoka mikononi mwa wasanii wa vodevili. Sinema zenye sauti, redio, kisha mdororo wa uchumi vilikuwa vinaumaliza, na mwaka 1932 Palace yenyewe ikageuzwa kuwa ukumbi wa sinema. Hawa wawili walivuka kwa sababu walikuwa wameshazoea kubadilika pale hadhira inapobadilika.

Wanawafaa wote wanaofanya kazi wawili wawili, wakiwemo watangazaji wa asubuhi wa redio. Huku kwetu wawili wa jukwaani mara nyingi hushindana kupata kicheko, na onyesho linakuwa ugomvi. Atakayemsoma Burns ataona ushujaa wa kukubali kuwa wa pili.

Wengine kwa ufupi

Kama wewe ni mchezaji dansi, acha hao wote uende kwa Bill Robinson. Alikuwa mmoja wa Weusi wachache waliopanda kumbi za Keith peke yao, bila mwenza. Dansi yake ya ngazi imo kwenye Harlem Is Heaven ya mwaka 1932. Funga macho kwanza usikilize viatu vyake vya soli ya mbao: kila ngazi ina sauti yake. Na anayetaka blues, afuate mtandao wa kumbi za watazamaji Weusi uliojulikana kama T.O.B.A., ambako Ma Rainey na Bessie Smith walicheza mbele ya watu wao. Malipo yalikuwa madogo na safari ngumu, lakini kule msanii hakuhitaji kuwa na sura mbili.

Hao wa mwisho siwapendekezi, ila lazima niwataje: Cherry Sisters wa Iowa. Walikuwa wabaya kweli kweli, na Oscar Hammerstein aliwapeleka New York mwaka 1896 kwa sababu hiyo hiyo, akijua watu watalipa kiingilio waje kuwazomea na kuwatupia mboga. Walijaza ukumbi. Gazeti lilipowaponda wakaenda mahakamani, na mwaka 1901 mahakama kuu ya Iowa ikaamua kwamba anayejitokeza mbele ya umma ana lazima ya kuvumilia uhakiki. Kuna waandaaji leo wanaompandisha jukwaani mtu asiyejua ili achekwe, mtandaoni kila wiki. Watu hujaa, ni kweli. Mimi nauona ni uonevu, na aliyekuja kuzomea haondoki akiwa mpenzi wa sanaa.

Uamuzi wangu

Kwa mchekeshaji wa peke yake, Bert Williams, bila kusita. Kwa wawili, Burns na Allen. Kwa video zisizo na maneno, Keaton, na huyo ndiye rahisi kuliko wote kuanza naye kwa kuwa kazi zake zimejaa. Mwandaaji amsome Houdini kwa ajili ya saa, na ripoti za mameneja wa Keith kwa ajili ya ratiba. Tanguay namweka kwa mwimbaji ambaye tayari ana nguvu na anatafuta ujasiri.

Ukinibana nichague mmoja kwa kila mtu, nitasema Burns na Allen kwanza, ingawa moyo wangu uko kwa Williams. Sababu ni kwamba kosa walilolirekebisha ndilo analolifanya kila anayeanza: kuandika anachotaka kusifiwa kwacho, kisha kukasirika watu wakipenda kingine. Ukishajifunza hilo, unaweza kukaa mbele ya Williams bila kuiga masizi yake au mzaha wake, ukachukua kile cha kuchukulika: muda, vidole, uso.

Kama una jioni moja tu, tazama Lambchops, kisha kipande cha kamari cha Williams mara mbili. Mara ya kwanza tazama uso, mara ya pili mikono tu. Na ukiwaonyesha vijana au wanafunzi, waeleze habari ya masizi kabla hujawasha filamu. Waachie wakuulize, usiwaharakishe.